Shimo Lililokaguliwa Maji Mafu

Kila asubuhi kabla ya shule, Saida alipiga hodi kwa Bi Tatu kuomba ufunguo wa choo. Choo cha kwao kilititia masika yaliyopita, na tangu hapo familia nzima ilijisaidia kwa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ufunguo ule pale, msumarini."

Akimaliza, anachota maji kwenye kisima cha Bi Tatu pamoja na Mwanaisha, mjukuu wa hapo. Mwanaisha hakuwahi kumsema. Darasani ndiko kulikokuwa na moto.

"Saida, leo foleni ya choo ulikuwa namba ngapi?" Shabani alikuwa akiuliza, na darasa zima linacheka.

Kwa hiyo baba yake, Faraji, alipoanza kuchimba shimo jipya, Saida alifurahi kuliko mtu yeyote. Tabu ilikuwa kiwanja. Mikindani nyumba zimebanana, na kutoka shimoni hadi kisima cha Bi Tatu ni hatua kumi na mbili tu. Sheria inataka mbali zaidi. Ilibidi kamati ya afya ya mtaa ije ikague, itoe kibali maalumu, na kibali chenyewe hakitoki kama shimo lina maji. Shimo likifikia maji, uchafu unasafiri chini kwa chini mpaka kisimani.

Shimo lilikuwa na maji. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana, yalipenya kwenye nyufa za mawe na kupanda usawa wa magoti. Saida aliyaona kwa macho yake. Baba naye aliyaona, akanyamaza. Akangoja maji mafu, siku ambazo bahari imelegea. Shimo lilipokauka, ndipo akaenda kuita kamati.

Walikuja watano. Wanne wa hapahapa, akiwemo mwenyekiti wa mtaa. Wa tano ni Martha, bibi afya, mgeni kutoka Njombe, hajamaliza hata mwezi pwani. Akamulika tochi shimoni.

"Kavu. Limewahi kuingia maji?"

"Hata tone," alisema Faraji.

Martha akawageukia wajumbe. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Mtu aliyezaliwa pwani hajui bamvua? Walijua wote. Ila Faraji ni mwenzao, wanaswali msikiti mmoja, na nani anataka lawama?

"Wewe binti, unaishi hapa. Uliwahi kuona maji?"

Saida alimkumbuka Shabani na kicheko cha darasa.

"Hapana, mama."

Muhuri ukagongwa.

Choo kilipendeza, kina mlango wa bati la buluu. Shabani akatafuta mwingine wa kumcheka. Ila nyumbani kulikuwa na jambo. Mama yake Saida, ambaye siku zote aliwapa maji vilevile yalivyotoka kisimani, alianza kuyachemsha. Hakusema kwa nini. Wala hakumwambia Bi Tatu achemshe.

Mwezi wa tatu likaja bamvua kubwa, na mvua juu yake. Siku tatu baadaye Nuru, mdogo wake Mwanaisha, mtoto wa miaka mitatu, akaanza kuharisha na kutapika. Nyumba ya pili wakaanguka wawili. Kwa kina Saida hakuugua mtu.

Saida alipeleka uji hospitali. Nuru alilala na dripu mkononi, macho yamezama, midomo imepasuka. Mwanaisha alikuwa analia.

"Ni mimi, Saida. Nilimpa embe bila kuliosha. Akifa, nimemuua mimi."

Saida angeweza kukaa kimya. Watu wazima wote walikuwa kimya.

"Siyo embe," alisema. "Ni choo chetu. Shimo lilikuwa linaingia maji."

Mwanaisha akaacha kulia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na maji mlikuwa mnachota pale pale? Mnakunywa?"

"Mama anachemsha."

Mwanaisha alimrudishia bakuli la uji, limejaa vilevile. "Toka."

Saida alitoka hospitali akaenda moja kwa moja ofisi ya mtaa, kamati ilikokuwa inajadili ugonjwa. Baba yake alikuwamo. Alisema yote amesimama mlangoni.

"Mtoto huyu kachanganyikiwa," alisema Faraji.

Martha akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, hilo bamvua ni kitu gani?"

Mwenyekiti akaeleza, kwa sauti ndogo.

"Na siku ile ya ukaguzi ulikuwa huna mdomo?"

Kibali kikafutwa palepale. Shimo likanyonywa na kufukiwa, kisima kikafungwa na kutiwa dawa, na Faraji akaamriwa kujenga choo cha kuinuliwa, chenye tangi la zege lisilovuja. Mwenyekiti na wenzake watatu wakaondolewa kwenye kamati. Nuru alipona. Alirudi nyumbani amekonda, anajifunza kutembea upya.

Choo kipya kilikuwa bado hakijaisha. Asubuhi Saida alisimama mlangoni kwa Bi Tatu muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bi Tatu alitoa ufunguo mwenyewe, akaushika bila kuuachia. "Ungesema kweli siku ile, ungeendelea kuja hapa na kuchekwa shuleni. Basi. Kuchekwa hakujamlaza mtoto hospitali. Uongo wenu umemlaza. Ukiulizwa jambo la afya za watu, sema. Wakubwa wakinyamaza, ndiyo kabisa useme. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akauachia.

Saida alipotoka uani, Mwanaisha alikuwa anachukua ndoo kwenda kwenye bomba la mbali. Saida naye aliokota ndoo yake, akamfuata. Mwanaisha hakumfukuza. Hakumsubiri pia.