Ngumi ya Bayingana

Kimisagara, mtaa wa Kigali, haiamshwi na jogoo. Inaamshwa na nyundo za mafundi bati. Jua likiwa bado halijafika bondeni, kelele zimeshaanza, na Uwamahoro ameshabandika uji.

Mwaka ule wa tisini na mbili, akishapika uji alikuwa na kazi nyingine ngumu zaidi. Ilikuwa kumvisha mume wake shati.

Mume wake, Bayingana, alikuwa fundi cherehani. Suruali alizoshona zilisifiwa mpaka Nyarutarama, upande wa pili wa mji. Halafu kiharusi kikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu na kuongea polepole, lakini akili yake ilikuwa nzima. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Baadaye ukaanza kukaza. Kiwiko kikajikunja. Vidole vikafunga ngumi, kidole gumba kikabaki ndani.

"Legeza, Baba Shimwa," Uwamahoro alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, akiwa ameshika mkono wa shati.

"Nimelegeza."

"Hujalegeza!"

"Mimi nimelegeza. Mkono ndio hautaki."

Akauvuta. Mkono ulijikunja ghafla kama mtego, ukampiga kidevuni. Bayingana akashtuka.

"Mungu wangu! Nimekuumiza?"

"Wapi! Umeua mbu tu," mkewe alisema, akacheka. Lakini alipogeuka kuchukua kikombe, alifuta machozi. Majirani walikuwa wakimwambia kwamba mumewe ni mkaidi, hataki kupona. Siku nyingine naye alikaribia kuwaamini.

Wageni walikuwa wengi. Kwetu mgonjwa hasalimiwi kwa mbali, na salamu ni ya mkono wa kulia. Kumpa mtu wa kushoto ni kumdharau. Basi kila aliyeingia alikamata ile ngumi. "Fungua, bwana, tusalimiane!" Akavuta vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemenya ndizi. Bayingana alikuwa mtu wa adabu. Hakuweza kumnyima mgeni mkono. Aliutoa mwenyewe huku akiuma meno.

Ijumaa alikuja Munyaneza, kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa Kabuga.

"Mdogo wangu, ngumi hii unamkunjia nani?" alisema kwa sauti kubwa. Akavuta kwa nguvu zake zote. Bayingana akapiga ukelele. Ngumi ikakaza zaidi.

"Unaona, shemeji?" Munyaneza alimwambia Uwamahoro. "Mnambembeleza. Jumapili nitakuja kumchukua. Yuko mzee mmoja kule Kabuga, anaunga mifupa. Atanyoosha mkono huu kwa nguvu, aufunge na vijiti, kwisha."

"Na ukivunjika, shemeji?"

"Sasa hivi una faida gani?"

Bayingana aligeuza uso, akatazama ukuta. Siku ile hakula tena.

Kesho yake mchana akaja Spéciose, jirani wa njia ya juu. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha mazoezi ya viungo. Watu walimwita kine, ndiyo kusema mtaalamu wa kufundisha viungo kufanya kazi tena. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, maana basi lilizuiwa kwenye kizuizi cha askari, akaja kwa miguu.

Uwamahoro alimtazama sana, kwa sababu Spéciose hakukamata ngumi. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mgonjwa. Akaweka kiganja chake chini ya kiwiko cha Bayingana, akatulia hivyo, akiuliza habari za mtoto.

"Mama Shimwa," alisema baadaye, "wewe ndiye unayekaa naye. Mkono huu unakaza wakati gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Uwamahoro akafikiri.

"Wageni wakija. Nikimharakisha. Asubuhi ya baridi. Akikasirika. Lakini akilala usingizi, unalegea wenyewe."

"Basi si mkaidi."

"Si mkaidi?"

"Mtu akilala hana ukaidi. Sikiliza. Ubongo ndio unaoiambia misuli: kaza, legeza. Kiharusi kimeumiza mahali panaposema legeza. Kwa hiyo misuli inabaki imekaza. Na ukiivuta haraka, inadhani inashambuliwa. Inavuta kurudi. Ukiongeza nguvu, na yenyewe inaongeza."

Bayingana alifumba macho. "Nimewaambia," alisema polepole. "Nimewaambia wote."

Uwamahoro aliona haya. "Nisamehe, Baba Shimwa."

"Lakini wiki hii mkono umekaza kupita kawaida," aliongeza akimwambia Spéciose. "Na unanuka kidogo. Siwezi kuufungua niuoshe."

Spéciose aliinua uso. "Hapo umesema neno kubwa. Ukikaza ghafla kuliko kawaida, tafuta sababu. Inaweza kuwa kidonda, au mkojo unaochoma, au choo kigumu, hata kiatu kinachobana. Lete maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwa mkono wako wewe, maana wa kwake unaweza kuungua asisikie."

Maji yakaja. Ngumi ikakaa ndani kidogo. Kisha Spéciose akashika mkono wa Uwamahoro, akauweka mahali pake.

"Usianze na ncha za vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono, kielekee chini. Hivyo. Umeona vidole vinavyopumua? Sasa shika kidole gumba kwenye shina lake, ukitoe nje polepole. Ukikuta kinakataa, usishindane nacho. Ngoja."

"Nangoja mpaka lini?"

"Mpaka kilegee. Akisema inauma, rudi nyuma. Na mkono huu msiuvute kamwe, hata mkimwinua. Bega litatoka mahali pake."

Uwamahoro alingoja. Alikuwa anajua kungoja. Vidole vikalegea kimoja baada ya kingine, na kiganja kikaonekana, cheupe kwa jasho. Katikati palikuwa na kidonda. Kucha ya kidole cha kati ilikuwa imeingia ndani ya nyama.

"Pole, mume wangu! Pole!" Uwamahoro alisema. "Na sisi tulikuwa tunavivuta vidole kila siku!"

Waliosha kidonda, wakakata kucha, na siku hiyohiyo wakaenda zahanati, kikatibiwa. Spéciose akakunja kitambaa safi, akakiweka kiganjani ili kucha zisifike tena. Akaonyesha jinsi ya kumlaza, mkono ukiwa juu ya mto, kiwiko kikinyooka kadiri kinavyokubali. Na shati: mkono mgonjwa huvishwa kwanza, na huvuliwa mwisho.

"Atapona kabisa?" Uwamahoro aliuliza mlangoni.

"Sitakudanganya. Huenda mkono usirudi kama zamani. Lakini msipounyoosha polepole kila siku, utaganda hivyo. Mje kituoni tuendelee. Daktari naye akiona inafaa, atampa dawa ya kulegeza."

Jumapili Munyaneza akafika na gari la kukodi.

"Shemeji, yuko tayari?"

Shemeji mkubwa habishiwi. Lakini Uwamahoro alisimama mlangoni.

"Haendi, shemeji."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema. Njoo kwanza uone." Akaondoa kitambaa, akamwonyesha kidonda. Munyaneza akainama, akakitazama. "Sasa kaa. Shika hapa. Usivute."

"Nifanye nini sasa?"

"Ngoja tu."

Munyaneza alikuwa mtu asiyeweza kungoja hata chai ipoe. Alikaa, jasho likimtoka puani, ameshika mkono wa mdogo wake kama mtu aliyeshika yai. Kidole gumba kikalegea ndani ya vidole vyake. Kikatoka.

"Bambe!" alinong'ona kwa mshangao. "Mkono umekubali."

"Kaka," Bayingana alisema, "miaka yote hii leo ndiyo mara ya kwanza umenisikiliza."

Wakacheka watatu, na Munyaneza akacheka huku akifuta macho. Gari likarudi Kabuga tupu. Tangu hapo yeye ndiye aliyekaa mlangoni siku za wageni, akifoka: "Msalimieni kwa mdomo! Mkono wa ndugu yangu haufunguliwi kama kopo la maziwa!"

Kidonda kikapona. Mvua zilipoisha, kiwiko kilikuwa kinanyooka zaidi ya nusu, na shati lilivaliwa bila ugomvi. Bayingana alianza kukandamiza kitambaa cha kushona mezani kwa uzito wa mkono wa kulia, akikata kwa wa kushoto. Mistari ilikwenda upande. Alisema ni mtindo mpya.

Asubuhi moja Uwamahoro alimaliza kumnyoosha vidole, akataka kurudisha kitambaa kiganjani.

"Ngoja kwanza," Bayingana alisema.

Aliinua mkono ule, ukitetemeka, polepole, mpaka kiganja kikafika kwenye shavu la mkewe. Kilikuwa wazi. Kilikaa pale.

"Shavu lako lina joto," alisema.

Uwamahoro hakusogea, asije akauharakisha.