Hatua Tano na Hatua Kumi na Mbili

Katika darasa la watu wazima la Bi Asila, pale Malindi, kila mwanafunzi aliijua kanuni moja kabla hajaijua herufi ya kwanza: anayefungua jalada la mwenzake hufagia darasa siku saba, awe mdogo, awe mkubwa. Hakuna aliyewahi kuilalamikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuivunja.

Majalada yalikaa kabatini. Ndani ya kila jalada mlikuwa na mpango wa mtu mmoja: anataka kujua nini, kwa kazi gani, na amefikia hatua ipi. Mwaka 2007 kabati lilifungwa. Mipango ikahamishiwa kwenye mtandao, ikawa inasomeka kwa kompyuta pale darasani na katika ofisi kuu pia. Kila mtu akapewa neno lake la siri.

"Neno la siri ni ufunguo," Bi Asila aliwaambia. "Msiliandike popote. Msimpe mtu. Na mkimaliza, fungeni ukurasa wenu kama mnavyofunga mlango."

"Hata mume wangu nimfiche?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Mumeo anasoma hapa?"

Wanawake wakacheka. Kazija hakucheka. Alikuwa akimtazama Zeyana.

Wote wawili walikuwa wake wa Bwana Silima, mwenye duka dogo la misumari Darajani. Kazija alikuwa mke mkubwa, mshonaji wa kofia. Zeyana alikuwa mke mdogo. Silima aligawa kwa haki: siku mbili huku, siku mbili kule, doti ya kanga kwa huyu, doti ya kanga kwa yule, samaki akakatwa katikati. Kwa mgawo huo Kazija aliweza kuishi. Wivu alikuwa nao, lakini alijua kuupima, kama chumvi.

Jumanne, akiwa mbele ya kompyuta, alitupa jicho kwenye ukurasa wa Zeyana aliyekaa ubavuni mwake. Kusoma kwa mbali hakuweza. Kuhesabu aliweza. Mpango wake yeye ulikuwa na hatua tano. Wa Zeyana ulikuwa na kumi na mbili.

Wakirudi nyumbani, hakuweza kunyamaza.

"Zeyana, mimi nlikukuta darasani, au wewe ulinikuta?"

"Nlikukuta, dada."

"Na nani mkubwa?"

"Wewe. Kwani kuna nini?"

"Hapana kitu. Nauliza tu, nsije nkasahau."

Tangu hapo kila alichokitazama Kazija kilikuwa kumi na mbili. Vikombe kabatini vilikuwa kumi na viwili. Ngazi za nyumba, alipozihesabu, zilikuwa kumi na mbili, naye alikuwa akizipanda miaka yote bila kujua.

Jumatano, wakati wa Alasiri, Zeyana alitoka kwenda kutia udhu. Daftari lake lilibaki mezani. Chini ya jalada lake palichungulia kipande cha karatasi. Zeyana aliogopa kulisahau neno lake la siri, akaliandika.

Kazija alitazama mlango. Kisha akaibonyeza herufi moja, akatazama karatasi, akabonyeza nyingine. Ukurasa ukafunguka.

Hakutaka kumdhulumu mtu, ndivyo alivyojiambia. Alitaka wawe sawa tu. Akaanza chini. Akafuta ya kumi na mbili, akafuta ya kumi na moja, hakusoma hata moja, mpaka zikabaki tano. Akaufunga ukurasa, akakirudisha kikaratasi mahali pake.

Alhamisi, saa tisa, simu ililia. Bi Asila alisikiliza, akaikata, akageuka.

"Zeyana, kwa nini umefuta hatua zako saba?"

"Mimi? Skufuta kitu, mwalimu."

"Ofisi imeona zimefutwa jana, kwa neno lako la siri. Wanaokwenda kwenye mafunzo ya wahudumu wa zahanati ni wenye hatua hizo katika mipango yao. Jina lako limeondolewa. Orodha inafungwa leo saa kumi. Nani mwingine alilijua neno lako?"

Zeyana alilishika daftari lake. Alimtazama Kazija, kisha akainamisha macho.

"Nliliandika kwenye karatasi," alisema. "Kosa langu."

Kazija alikuwa ameingoja furaha yake tangu jana, na sasa aliitafuta asiione. Wivu ulikuwa umeshakula, na bado ulikuwa na njaa.

"Ni mimi," alisema.

Wanawake wakamgeukia.

"Nimefuta mimi. Bwana akileta doti, huleta mbili. Hapa mwenzangu kapewa kumi na mbili, mimi tano. Nami ndiye mkubwa."

Bi Asila hakupandisha sauti. "Bi Kazija, ukishona kofia, kichwa kikubwa na kichwa kidogo huvishonea kofia moja?"

"Haiwezekani."

"Kanga hazipimwi, ndiyo maana hugawiwa sawa. Mpango wa kujifunza hupimwa, kama kofia. Wewe ulisema unataka kuandika majina ya wateja wako na vipimo vya vichwa vyao. Kazi hiyo ni hatua tano, na tatu umeshazimaliza. Mwenzako anataka kazi ya zahanati. Sikumpa zaidi; njia yake ndiyo ndefu. Na zamani ukifuta karatasi, hasara hubaki kabatini. Sasa ukifuta hapa, imefutika na kule ofisini."

Akalifungua kabati la zamani, akatoa jalada la Zeyana. "Zeyana, unaridhia asome?"

"Naridhia."

"Basi, Bi Kazija, ulizozifuta uziandike. Saa kumi haikungoji."

Kazija alisoma silabi kwa silabi, akaandika herufi kwa herufi, jasho likimtoka. Akaandika ya sita, ya saba, ya nane. Kwenye ya tisa mkono ukasimama. Akaisoma tena kwa sauti ndogo: "Kusoma maandishi ya vidonge vya sukari vya Bi Kazija, asije akavikosea."

"Hii uliiandikisha lini?"

"Ulipoanguka jikoni," Zeyana alijibu. "Ulimeza viwili badala ya kimoja. Kikopo nlikishika mimi, na kukisoma siwezi."

Kazija akaiinamia tena kompyuta. Akaandika ya tisa, na tatu zilizobaki. Zilipokuwa zimesalia dakika nne, Bi Asila akapiga simu. Jina la Zeyana likarudi. Papo hapo Zeyana akabadilisha neno lake la siri, akakichana kikaratasi. Kazija akaufungua ukurasa wake mwenyewe, akamwomba mwalimu hatua ya sita: kusoma vidonge vyake.

Jina la Kazija likaandikwa ubaoni, na idadi ya siku saba. Alifagia mbele ya wanawake waliokuwa wakimwamkia. Mmoja alimwambia, "Kona ile umeisahau, bibi mkubwa," naye akarudi kuifagia.

Siku ya saba Zeyana alikuja moja kwa moja kutoka mafunzoni, akaushika mpini.

"Lete nkumalizie, dada."

"Niachie," alisema Kazija. "Mume tunagawana. Doti tunagawana. Fagio hili ni langu peke yangu."

Akafagia mpaka kizingitini, akazoa taka, akaliegemeza fagio nyuma ya mlango. Bi Asila akachukua kitambaa, akalifuta jina lake ubaoni.