Kitabu Kilichochomwa Woodley

Je, mwenzangu, umewahi kukifunika kitabu kwa gazeti, ukakitunza kama yai, kisha ukatamani kukichoma?

Peres wa mtaa wa Woodley alitamani hivyo mwaka wa 1971. Siku hizo njia zilijaa maua ya jakaranda, na akina mama walikwenda kisomo cha watu wazima cha jioni, penseli imefungwa ndani ya leso. Peres alinunua kitabu chake kwa kufua nguo za matajiri wa Lavington. Hata harufu yake aliipenda.

Siku moja, ukurasa wa ishirini, wakakuta picha ya mama na mtoto mchafu. Chini paliandikwa: "Huyu ni Mama Mjinga. Hajui kusoma, hajui kuosha mtoto."

 Mukonyo, muuza mboga asiyemeza neno, akasema Jumamosi vitabu vyote vichomwe uwanjani, watu waone. Mwalimu Kihara akajibu kwamba atakayechoma atafukuzwa, na polisi wataitwa.

Peres aliogopa kufukuzwa. Alikuwa amebakisha kidogo tu asome barua za bintiye Caren bila kuomba msaada.

Akamwendea jirani yake Wahu, karani wa wakili. Wahu alimmiminia chai, akamuuliza vitabu ni vya nani. Peres akasema chake alikinunua, ila vya kabatini ni vya darasa.

"Vya kabatini msiguse, Mama Caren. Kuna wengine wanangoja kuvisoma. Lakini chako ukikichoma mahali pa wazi, bila kumuunguza mtu, huo ni usemi kama usemi mwingine. Mimi kitabu kikichomwa huniuma. Hata hivyo, mtu asifungwe kwa kuniuma roho. Leo akizibwa Mukonyo, kesho utazibwa wewe."

"Kwa hiyo nichome?"

"Haki si amri, dada. Unaweza kuwa nayo usiitumie. Na moto hausemi ni ukurasa upi uliokuudhi."

Wahu alimweleza mwalimu vivyo hivyo. Kihara alikuna kichwa sana, mwishowe akakubali.

Jumamosi Mukonyo alichoma chake, ndoo ya maji kando. Askari hakuitwa. Jumatatu Mukonyo alikuwa palepale kwenye benchi, akichungulia kitabu cha Peres. "Sogea, mama. Changu kimetangulia mbinguni." Hata mwalimu alicheka. Kisha akatoa karatasi ili awaandikie wachapishaji, akauliza aandike nini.

Peres akasimama.

"Andika hivi, mwalimu. Nimezika watoto wawili. Niliwaosha kila siku, kabla sijajua hata herufi moja. Nataka jina hilo la Mama Mjinga liondolewe."