Pilipili Juu ya Paneli

Kila asubuhi ya msimu wa mavuno, kazi ya Temima kabla ya shule ilikuwa kuanika pilipili na kufukuza kuku. Kuku wa mji wa Halaba hawana haya. Ukiwapa kisogo tu, wamekwisha chakura mkeka mzima. Siku hiyo alichoshwa nao, akabeba kapu lake hadi kituo kipya cha umeme wa jua, alikofanya kazi dada yake, Rediya. Rediya alikuwa amemaliza kuosha paneli, amekwenda kurudisha ndoo. Temima akaanika pilipili juu ya safu ya nyuma. Palikuwa pakavu, pasafi, na kuku hawafiki.

Darasani, mngurumo wa mashine ya kusaga nafaka iliyotumia umeme wa kituo ulipozimika ghafla, alizikumbuka pilipili zake. Hakusikia tena neno la mwalimu. Kengele ya mapumziko ilipolia, alitoka mbio.

Kituoni wanawake walisimama na magunia yao, na fundi wa kuchomelea vyuma alikaa bure. Injinia Gennet, msimamizi wa kituo, alikuwa amemkabili Rediya.

"Umeme umeshuka. Paneli umeosha kweli, wewe?"

"Wallahi nimeosha, Injinia."

"Basi jua limegoma? Wanaoitaka kazi hii ni wengi, Rediya!"

Temima aliyasikia yote. Mshahara wa Rediya ndio uliomrudisha shule. Angeweza kuzunguka nyuma, azizoe pilipili zake, na asijue mtu. Akaenda, akasita, akarudi. Ndipo alipomwona dada yake akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Nimeanika pilipili kule nyuma."

"Pilipili?" mama mmoja akaangua kicheko. "Mtoto huyu anataka jua lipige chafya!"

Wakazizoa wote kwa pamoja, Rediya akafuta vioo vya paneli, na mashine ikanguruma tena. Injinia Gennet alimwomba Rediya radhi mbele ya watu. Kisha akamgeukia Temima.

"Paneli hizi zimefungwa pamoja kama maksai wa jembe. Mmoja akilala, mwenzake halimi. Nasi tuko vivyo hivyo. Watu wameweka fedha zao hapa, na jua likatupa kazi: dada yako anaosha, huyu anasaga, yule anachomelea. Kukosea umekosea, lakini umesema. Ungezizoa kimyakimya, umeme ungerudi, mwanangu. Jina zuri la dada yako lisingerudi."