Taa Nyekundu ya Zabibu

Penalti ilipogonga mwamba, hakuna aliyejali mpira ulikoangukia. Uwanja mzima wa Kilimani, jijini Dodoma, uligeuza shingo kuutazama mnara wa upande wa kaskazini, ambako taa kubwa ya mviringo ilikuwa bado inapepesa. Ilipepesa kidogo, kisha ikawaka nyekundu. Chini yake likatokea jina: Ndahani Mazoya, nahodha.

Kelele iliyofuata haikuwa ya timu iliyokosa bao. Ilikuwa ya watu waliomkamata mwizi.

Mashine hiyo iliitwa kipimania, na Klabu ya Zabibu ilikuwa ya kwanza duniani kuwa nayo. Kila mchezaji wa Zabibu alivaa chini ya jezi yake ya zambarau fulana nyembamba iliyofumwa kwa nyuzi za hisia. Nyuzi zile zilisoma mapigo ya moyo, jasho na umeme mdogo unaopita kwenye misuli, zikapeleka habari hizo kwenye ubongo-mashine uliofungwa chini ya jukwaa kuu. Kazi ya ubongo-mashine ilikuwa moja tu: mchezaji akikosea, kusema kama amekosea kwa bahati mbaya au alikuwa na nia nyingine. Bahati mbaya ni kijani. Nia nyingine ni nyekundu. Ukipata nyekundu tatu katika msimu mmoja, jina lako linasomwa mbele ya wanachama kabla ya mechi inayofuata, na hapo umekwisha. Si kufukuzwa timu peke yake. Mkeo akienda soko la Makole hauziwi hata nyanya, na mwanao shuleni anaitwa mtoto wa msaliti.

Nyekundu ya penalti ilikuwa ya tatu kwa Ndahani. Jumamosi ijayo Zabibu ingecheza na watani wake, Chuma FC ya Ihumwa, na jina lake lingesomwa siku hiyo.

Tuseme ukweli, mashine ya namna hii isingebuniwa kwingine. Wenzetu wakifungwa wanamlaumu kocha. Sisi tukifungwa tunauliza nani ameuza mechi. Miaka hiyo treni zilikuwa zinajiendesha zenyewe na maroboti yalikuwa yanakata nyasi za uwanja, lakini Zabibu bado iliingia uwanjani kwa kuruka ukuta, kwa sababu mlangoni huenda Chuma wamefukia kitu. Jezi walivalia kwenye basi. Vyumba vya kubadilishia nguo, vizuri kabisa, vyenye maji ya moto, vilikaa vitupu, makao ya popo tu. Kamati ilikuwa na wajumbe wa usajili, wajumbe wa fedha, na wajumbe wengine ambao hakuna aliyesema kwa sauti kazi yao ni nini.

Injinia Yudita Msagati alizaliwa katikati ya hayo yote. Alikuwa mwanachama wa Zabibu kabla hajajua kusoma, na alipohitimu uhandisi wa hisia alidhani anakuja kuiponya klabu yake. Watu watashuku tu, alijiambia, basi afadhali washuku kwa kipimo kuliko kwa uvumi. Akakitengeneza kipimania kwa mikono yake. Walipomwekea shada la maua shingoni siku ya uzinduzi, alilia mbele ya umati.

Tangu siku hiyo, jamani, Zabibu ikaanza kuoza. Mabingwa wa nchi wakawa wa tatu, msimu uliofuata wakawa wa tisa, na sasa walikuwa wanapigania wasishuke daraja. Chuma nao, watu wa Ihumwa waliokuwa wanafungwa hadi wanaonewa huruma, wakapanda na kukaa kileleni kana kwamba wamezaliwa huko.

Mwenyekiti wa klabu, Mzee Chilongani, hakuwa na shaka juu ya sababu. Siku iliyofuata penalti ile alimwita Yudita ofisini, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akazima hata feni ili asikie kama kuna kitu kingine kinanguruma mle ndani. Akamwambia kwamba Chuma wameingia kwenye mashine. Wamempaka Ndahani rangi nyekundu makusudi, kama walivyowapaka wengine kabla yake. Amtafutie ushahidi kabla ya Jumamosi. Ukipatikana, Ndahani atabaki kuwa nahodha. Usipopatikana, jina litasomwa, na hata yeye Mwenyekiti hataweza kulizuia, maana wanachama watasema amekula naye.

Yudita alikubali bila kubishana. Moyoni alikwisha kunusa jambo, na kumtoa Ndahani kwenye aibu ile lilikuwa deni la ujirani. Walikua mtaa mmoja. Mama wa Ndahani ndiye aliyemsuka nywele siku ya kipaimara.

Akaanza kushuku, na mtu akishaanza kushuku hakosi kazi. Alishuku roboti la kufagia jukwaa, akalifungua, akakuta vumbi. Alishuku kidege-mashine cha kuuzia karanga kilichopenda kuelea karibu na mnara, akakishusha, akakuta karanga. Alimshuku kocha msaidizi aliyekuwa akipokea simu kwenye ngazi kwa sauti ya chini, akajibanza kumsikiliza. Mtu wa watu alikuwa anambembeleza mkewe arudi nyumbani. Ubongo-mashine wenyewe aliukagua waya kwa waya. Hakuna mkono wa mtu ulioingia humo isipokuwa wa kwake.

Akaenda Kizota kumwona Ndahani. Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anafuta kiatu kilichokwisha kuwa safi. Mkewe aliweka chai akaondoka bila salamu ndefu. Yudita akamweleza kwamba bado anatafuta, asikate tamaa, wahujumu watapatikana.

Ndahani hakuinua macho. "Dada Yudita, na kama ni kweli?"

"Nini kweli?"

"Kwamba nimeihujumu timu. Nimekaa nikajichunguza. Sikumbuki kupokea kitu cha mtu, sikumbuki kuongea na mtu. Lakini mashine imesema mara tatu. Labda ndani yangu kuna mtu mbaya nisiyemjua."

Yudita alikunywa chai yake yote kwa haraka, ingali ya moto, ili apate sababu ya kuondoka. Njiani alijikuta anamshuku Ndahani mwenyewe, akajichukia.

Kilichobaki kilikuwa kwenda kwa adui. Alijifunga mtandio hadi puani, akapanda treni ya Ihumwa, akaingia uwanja wa mazoezi wa Chuma akiwa amejiandaa kuzuiwa. Hakuzuiwa. Kocha wa Chuma, mama mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Atupele, alimtambua kwa mwendo tu, akamwambia avue mtandio maana jua kali, akamkaribisha kwenye benchi.

Wachezaji walikuwa wanafanya mazoezi. Yudita alitazama sura moja baada ya nyingine. Mmoja mmoja alijua walikokwenda, lakini leo ndipo alipowaona wote pamoja, karibu kikosi kizima. Kiungo yule alikuwa wa Zabibu. Beki wa kushoto, wa Zabibu. Straika aliyekuwa anaongoza kwa mabao nchi nzima, naye alisomwa jina Kilimani huku watu wakimrushia chupa. Wote walitoka kwa nyekundu tatu. Basi ndiyo hiyo, alijiambia. Walikuwa watu wa Chuma tangu mwanzo, waliingizwa kwetu watuue, na kazi ilipokwisha wakarudi nyumbani. Mashine ilisema kweli, na Ndahani ni mmoja wao.

Alimtamkia Atupele hivyo hivyo, waziwazi.

Atupele hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba hakuna aliyempandikiza mtu. Zabibu walikuwa wanatupa wachezaji, na Chuma, klabu maskini, ikaokota kilichotupwa. Kila aliyefika, yeye Atupele alimwuliza swali moja: wakati ule taa ilipowaka, ulikuwa unafikiria nini?

"Unajua walichonijibu, Injinia? Kila mmoja kwa maneno yake. Nilikuwa naona pasi mbili." Alimfokea beki aliyekuwa anazubaa, kisha akarudi kwa mgeni wake. "Mchezaji wa kawaida anaona pasi moja, anaitoa, yamekwisha. Mchezaji mzuri anaona mbili, anachagua. Kuchagua kuna kusita kidogo. Mashine yako haipimi nia. Inapima kusita. Ninyi mmefukuza kila anayefikiri, na mimi nashukuru sana."

Yudita alirudi mjini hajui ameshukaje kwenye treni. Akateremka chini ya jukwaa kuu, akazirudia mechi zote za misimu ile ndani ya ubongo-mashine, kosa kwa kosa. Atupele alikuwa sahihi. Wachezaji wa kijani walikuwa wale wanaorudisha mpira nyuma bila hata kuinua kichwa. Wekundu ni waliojaribu jambo gumu likawaharibikia. Na kadiri wachezaji walivyoiogopa taa ndivyo walivyozidi kusita, na kadiri walivyosita ndivyo taa ilivyozidi kuwaka. Ile penalti, Ndahani alimwona kipa anaegemea kulia, akabadili mawazo mguu ukiwa tayari hewani. Hilo tu. Hakuna wa Ihumwa aliyeishusha Zabibu. Walijishusha wenyewe, na mashine aliwapa yeye.

Kamati ilikutana Ijumaa mchana kwenye jengo la klabu, Makole. Ndahani alikuwa amesimamishwa pembeni karibu na kabati la vikombe, mikono nyuma. Yudita alieleza yote. Alionyesha picha kwenye ukuta, akarudia pale alipoona sura zimekunjamana, akaomba mashine izimwe leo hii na waliofukuzwa waombwe radhi. Alisema kosa ni lake, la kuita kitu nia wakati si nia. Alidhani hilo litawagusa.

Mwenyekiti akauliza kwa upole mkubwa: "Injinia, ni kweli ulionekana Ihumwa?"

Ni kweli, Yudita alisema, nilikwenda kuchunguza. Mjumbe mmoja akauliza mbona alijifunika uso. Mwingine akauliza mbona alikaribishwa benchini kama mgeni wa harusi. Wa tatu akataka kujua, ikiwa mashine haikuingiliwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeitengeneza, basi aliyeiharibu ni nani. Alijiona anazama. Kila jibu lake lilikuwa la kweli, na kila moja lilizidi kumfunga.

"Vaa fulana," Mwenyekiti alisema.

Siku hizo walikuwa wamekwisha kuanza kuitumia hata mikutanoni, na taa ndogo iliwekwa juu ya meza: kijani ni kweli, nyekundu ni uongo. Yudita aliivaa juu ya blauzi yake nyembamba. Ilikuwa baridi kifuani, na alishangaa kwamba hakuwahi kuivaa hata mara moja, yeye aliyeifuma.

"Unaipenda Zabibu?"

Alifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa pale pale ulimini. Lakini papo hapo alimwona straika akirushiwa chupa, akawaona wazee hawa waliomzunguka, akajiuliza kama bado anaipenda au anaihurumia tu. Kabla hajatoa sauti, taa ikawaka nyekundu.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Ndahani. "Kumbe ni wewe, dada Yudita."

Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa. Alikuwa analia. "Si mimi. Mwenyekiti, umeona? Mimi sina mtu mbaya ndani yangu. Si mimi."

Maelezo yote yalikuwa bado ukutani. Yudita angeweza kuyarudia tangu mwanzo, kwa Kiswahili chepesi zaidi, na wasingemsikiliza. Alimtazama yule mwanamume mzima anavyofuta machozi kwa kiganja, akakumbuka kigoda chake na kiatu chake. Kitu alichokuwa amekuja kukitafuta Ijumaa hiyo, kumtoa Ndahani kwenye aibu, kilikuwa mbele yake. Kilikuwa kinapatikana, ila si kwa njia aliyoitaka.

Mwenyekiti akainama mbele. "Injinia. Ni wewe uliyekuwa unatuhujumu?"

"Ni mimi."

Lilimtoka moja kwa moja, bila kusita hata chembe. Taa ikawaka kijani.

Wajumbe wakashusha pumzi. Mmoja alisema mashine haiongopi, na wengine wakaitikia. Walimpigia makofi Ndahani, wakamshika mabega, wakamrudishia kitambaa chake cha unahodha. Hakuna aliyeinuka kumvua Yudita fulana, akaivua mwenyewe.

Jumamosi lilisomwa jina la Yudita. Ndahani alicheza dakika zote na hakujaribu lolote. Alipopata mpira aliurudisha nyuma, na wenzake wakaurudisha nyuma zaidi, hadi Chuma wakawanyang'anya. Taa ya mnara ilikaa kijani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na Zabibu ikafungwa manne. Msaliti alikwisha kuondoka na bado wamefungwa. Wanachama walitoka uwanjani polepole, bila kuimba, kila mmoja akimwangalia aliye kando yake.