Mchezaji Asiyepiga Risasi

Siku ile ukumbi wa chini wa jengo la maduka, katikati ya jiji la Surabaya, ulifurika vijana mpaka walinzi wakazima ngazi za umeme. Yalikuwa mashindano ya Kisiwa cha Mwisho, ule mchezo wa kwenye simu ambao watu mia hurukia kisiwani kutoka kwenye ndege, wakawindana, akabaki mmoja. Ratri hakuwa na habari nao. Alitoka kwenye duka la miwani alikokuwa akiuza, gauni la samawati, ushungi wa rangi ya maziwa, glasi ya chai ya barafu mkononi, akitafuta pa kupita. Umati ukalipuka kwa shangwe, kiwiko kikampiga ubavuni, na chai yote ikaishia kwenye fulana ya kijana mmoja mrefu.

“Mungu wangu! Samahani, Mas, kaka yangu!”

Kijana akajitazama kifuani. “Usijali, Mbak, dada yangu. Nimeshauawa mara moja leo. Hii ni ya pili.”

“Kumbe ulikuwa unashindana?”

“Dakika mbili tu. Aliyeniua hata ndevu hana.”

Ratri akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka na wageni. Dakika chache baadaye walikuwa wamekaa mbele ya mabakuli ya bakso, supu ya madonge ya nyama, mchuzi ukifuka mvuke, kijana akijitambulisha kwa jina la Damar, mwendesha winchi bandarini, na akiapa kwamba angemfundisha mchezo ule mpaka amshinde yeye mwenyewe.

“Mimi mwoga, Mas. Mlango ukijifunga kwa upepo naruka.”

“Safi! Waoga ndio wanaodumu. Majasiri wote wanakufa mwanzoni, mimi nikiwa mmoja wao.”

Basi wakaanza. Damar alikaa ubavuni kwake, kidole kikielekeza kwenye kioo cha simu yake.

“Usiruke na kundi. Unaona wote wanavyoshukia mjini? Pale ni machinjioni. Wewe shuka pembeni, kwenye vile vibanda.”

“Haya, nimeshuka. Nifanye nini?”

“Ingia ndani, okota bunduki yoyote, vaa kofia ya chuma. Usichague kama uko sokoni.”

“Kuna mtu! Mas, kuna mtu nje!”

“Usimpige. Ukipiga risasi, kisiwa kizima kitajua ulipo. Chuchumaa. Sikiliza nyayo zake.”

Ratri alisikiliza. Kwenye visikizi vya masikioni, nyayo zilizunguka kibanda, zikasimama dirishani, zikaondoka. Mapigo ya moyo aliyasikia mpaka kwenye meno.

“Sasa angalia ramani. Duara la usalama linasinyaa, lazima uingie ndani kabla halijakuacha nje. Pitia kwenye miti. Usikatize uwanja wazi hata kama…”

Mlio mmoja wa bunduki. Ratri alipiga ukelele, simu ikamtoka, ikagonga sakafu, kioo kikapasuka. Mgahawa mzima uligeuka kumtazama.

“Umekuwa wa arobaini na moja kati ya mia,” Damar alisema kwa heshima zote. “Siku ya kwanza! Mimi nilikuwa wa tisini na nane.”

Simu ilitengenezwa kesho yake na Pak Kuncoro, Pak kwa maana ya mzee, fundi mwenye kibanda mkabala na duka la miwani, mtu mzima mpole aliyezoea kumsalimia kila asubuhi. Akaomba namba ya siri ili ajaribu kioo kipya. Ratri akampa.

Mapenzi yalikuja bila kubisha hodi. Damar alipiga simu kila alipotoka kazini, upepo wa bandari ukimvumia masikioni.

“Umekula, mpenzi?”

“Nani kakwambia mimi mpenzi wako?”

“Basi, umekula, Mbak muuza miwani?”

“Nimekula, mpenzi.”

Kisha wakacheka wote wawili kama wendawazimu.

Jioni moja, Damar akiwa zamu, Ratri aliingia kisiwani peke yake. Alijificha bafuni mwa nyumba moja ya pwani, kama alivyofundishwa. Mlango ukafunguka. Akaingia mchezaji mwenye mavazi meusi, jina lake Kimya. Alikuwa na bunduki, wala hakupiga. Alisimama tu, akimtazama. Kisha sauti nzito, iliyobadilishwa kwa mtambo, ikamnong’oneza kwenye visikizi:

“Kijani kilikupendeza leo, Ratri.”

Siku hiyo alikuwa amevaa ushungi wa kijani, mpya. Na jina lake halisi hakuliandika popote mchezoni.

Alimpigia Damar. Simu haikupokelewa. Alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Kesho yake Kimya alimkuta tena, safari hii msituni. “Mbona hukula bakso leo? Umekula mkate umesimama. Utaugua.” Ratri akazima simu, akaisukumia chini ya mto kama nyoka. Nani alijua habari za bakso? Alimsimulia nani habari za ushungi wa kijani kabla hata hajauvaa? Mtu mmoja tu. Na kila Kimya alipokuwa hewani, simu ya mtu huyo haikupokelewa.

Damar alipopiga, alikuwa na furaha zake. “Mrembo, nimeona umenitafuta. Tukiwa juu kwenye winchi simu tunaziacha…”

“Acha huo mchezo, Damar.”

“Mchezo gani?”

“Unanifuata, unanitisha, kisha unanipigia na kuniita mrembo. Unafurahi nikitetemeka, siyo?”

Akamweleza yote kwa sauti ya kukatikakatika.

“Ratri, wallahi si mimi. Niambie uko wapi, nije.”

“Usije! Ukija napiga kelele!”

Akamfungia namba. Usiku huo alilala na taa imewaka. Aliufuta mchezo, na haikusaidia kitu: kesho yake ujumbe ukaingia kutoka namba asiyoijua. “Umefuta kwa nini? Nitakukosa kisiwani.” Akawa anaogopa kioo cha duka, anaogopa kofia za pikipiki zinazoficha nyuso, anaogopa hata wateja waliomwomba awarekebishie miwani puani. Pak Kuncoro alimletea peremende. “Umekonda, binti. Una nini?” Alishukuru machozi yakimlenga, kwamba bado kulikuwa na watu wema.

Ijumaa mvua ilinyesha kama imemwagwa kwa ndoo. Ratri aliomba ruhusa mapema, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akafunga komeo. Bado nguo zinamchuruzika maji, simu ikalia, ujumbe umeingia.

“Fungua pazia.”

Alisimama katikati ya chumba. Mwishowe akasogea ukutani, akachungulia pembeni mwa pazia. Ng’ambo ya kichochoro, chini ya kibaraza, mwanamume alikuwa ameketi juu ya pikipiki, koti refu la mvua, kofia imefunika uso wote. Mikono ameiweka magotini. Anatazama dirisha lake.

Hapo Ratri alifanya jambo ambalo mwenyewe hakujua alilitoa wapi. Alimfungulia Damar namba, akampigia, jicho halibanduki kwa yule mtu.

Simu ikaita. Yule mtu hakusogea.

“Ratri?” Sauti ya Damar ilikuja pamoja na honi ndefu ya meli na makelele ya wapakuzi. “Ratri, ni wewe?”

Nje, mikono ilikuwa bado magotini.

Si yeye. Siku zote zile hakuwa yeye. Na kama si yeye, basi huyu ni nani? Hofu aliyokuwa nayo kabla ya hapo ikaonekana ndogo.

“Yuko nje,” alinong’ona. “Damar, yuko nje, ananitazama.”

“Usikate simu. Usitoke. Mama mwenye nyumba yupo?”

“Yupo jikoni.”

“Mwite. Piga kelele, Ratri. Piga kelele mtaa mzima usikie!”

Ratri akapiga ukelele ambao hata yeye ulimtisha. Bu Sumirah, mama mwenye nyumba, akatokea na mwiko mkononi, akasikia neno moja tu, akafungua mlango wa mbele na kulipuka: “Mwizi! Mwizi wa wasichana, mkamateni!” Madirisha yakafunguka kichochoro kizima. Pikipiki ikanguruma, ikaruka kwenye dimbwi, gurudumu likateleza. Wanaume watatu waliokuwa wakicheza dama barazani wakamrukia kabla hajainuka. Kofia ikavuliwa.

Ratri akatoka mpaka mlangoni. Yule mtu alikuwa Pak Kuncoro, fundi wa simu. Alimtazama kwa upole uleule wa kila asubuhi. “Binti,” alisema, “nilikuwa nakuangalia tu usidhurike.”

Polisi walimchukua. Kwenye simu ya Ratri walikuta programu ya siri aliyoipandikiza siku ile ya kioo, iliyompa kila neno lake na kila alipoingia mchezoni.

Damar alifika akiwa na sare ya kazi, amelowa chapachapa. Hakuvuka kizingiti.

“Naruhusiwa?”

“Nisamehe, Mas.”

“Iliniuma sana. Sitakudanganya.” Akajifuta maji usoni. “Lakini leo, nilipokusikia unanong’ona, niliogopa mpaka nikasahau kama nina hasira.”

Bu Sumirah akawatazama, akasukuma kiti mbele. “Keti, kijana. Mlango utabaki wazi.”

Hofu haikuondoka na polisi. Kwa miezi, Ratri hakuweza kupita kichochoro akisikia hatua nyuma yake; Damar alijifunza kutembea mbele, huku akiongea, ili ajue ni yeye. Hakumharakisha, wala hakumtajia mchezo. Kuna jioni alilia tu kwenye simu, naye akasikiliza.

Halafu Jumapili moja, wakisubiri basi, Ratri akasema akitazama barabara:

“Wiki ijayo naenda Blitar kwa wazazi.”

“Nikusindikize stesheni?”

“Unisindikize mpaka kwa baba. Na mama yako aje.”

Damar akamgeukia. “Ratri… unaniposa?”

“Jibu. Basi linakuja.”

“Unaogopa?”

“Sana.”

“Hata mimi,” alisema Damar. Mlango wa basi ukafunguka, akampisha atangulie, kisha akakumbuka kwamba hajajibu, akapaza sauti mpaka watu wote ndani wakageuka: “Ndiyo! Mama anakuja!”