Chuma cha Ethi

Haya yalimkuta rafiki yangu Valentini, fundi redio wa Mtama, kwenye arobaini ya dada yake Fortunata huko Rondo. Shemeji yake, aliyekimbilia kumzika marehemu hata ndugu hawajafika, sasa alitaka maiki amlilie mbele za watu.

Amplifaya ikawa inavuma. Ili kuutuliza mvumo, Valentini akachomeka ardhini chuma cha ethi, kile kinachounganisha mashine na udongo kwa waya. Kiangazi kile, udongo laini ulikuwa wa kaburi la Fortunata tu, akakichomeka hapo.

Mvumo ukakoma. Spika ikaanza kukwaruza, kama kucha kwenye ubao.

"Mashine yako mbovu!" shemeji akafoka.

"Mashine haitungi sauti, shemeji. Inakuza kinachoingia."

Akachomoa maiki. Mkwaruzo ukaendelea. Akang'oa chuma, spika ikanyamaza.

"Kiache hivyo hivyo," shemeji akanong'ona, jasho likimtoka.

Valentini akakirudisha kaburini. Mkwaruzo bado ulikuwepo, ila sasa ulikuwa wa mtu aliyechoka.